Bafu Lisilo na Kizingiti: Faida na Hasara Zake

Je, mzee wa nyumbani kwako anaoga wapi, na anaogaje? Huenda swali hili likakushangaza. Sisi pia hatukuwahi kujiuliza, mpaka tulipogundua kwamba mama yetu mkwe, anayeishi Nyambureti wilayani Serengeti, alikuwa ameacha kuoga.

Alikuwa akijipangusa tu kwa kitambaa chumbani mwake. Sisi wakwe zake tulidhani ni uzee, na tukanong'onezana hivyo. Siku moja tulipomtengea maji ya moto uani, alitutazama akasema, "Wanangu, mimi si mchafu. Naogopa lile jiwe." Ndipo tulipojua kwamba wakati wa masika aliteleza bafuni akaanguka, naye akanyamaza asije akatusumbua.

Bafu la namna hiyo wengi wetu tunalifahamu: uzio wa mabua au magunia nyuma ya nyumba, na jiwe bapa katikati la kusimamia. Lina hewa na mwanga, tena gharama yake ni ndogo. Lakini jiwe likishalowa sabuni huwa kama limepakwa mafuta. Wala tusidhani kuanguka ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wale waliopita umri wa miaka 60.

Basi tulikaa na waume zetu tukashauriana juu ya kujenga bafu ndani ya nyumba. Mmoja wao alitaka hodhi la kulala ndani yake, kama aliloliona mjini. Fundi naye alishauri karo lenye ukingo wa matofali mawili, ili maji yasitoke nje. Sisi tukauliza: je, mama atauvukaje ukingo huo? Mwishowe tulikubaliana kujenga bafu lisilo na kizingiti, yaani sakafu yake iwe sawa na sakafu ya nyumba, mtu aingie kwa kutembea tu na kuoga chini ya bomba la mvua, au shawa kama wengi tunavyoliita. Tumekwisha kulitumia, na tungependa kukueleza mazuri na mabaya yake.

FAIDA ZAKE

Kwanza, hakuna pa kujikwaa. Mzee, mama mjamzito, mtoto mdogo na hata mgonjwa anayetembelea fimbo huingia bila kuinua mguu. Mlango ukiwa na upana wa sentimita 90, hata kiti cha magurudumu hupita.

Pili, mtu anaweza kuoga ameketi. Weka kiti imara cha kimo cha goti, na mzee ataoga mwenyewe bila kusimamiwa na mtu. Mama wengi huona aibu kuogeshwa na wakwe zao au wajukuu, ingawa hawasemi.

Tatu, ni rahisi kusafisha. Hakuna pembe za ukingo wala chini ya hodhi ambako uchafu hujificha. Ufagio mgumu na sabuni vinatosha.

Nne, halilazimishi kuwa na maji ya bomba. Siku ambazo hakuna maji, mtu huingia na ndoo yake na kopo, akaoga palepale. Hodhi lisilo na maji ni pambo tu.

HASARA ZAKE

Hasara ya kwanza tuliiona siku ya kwanza. Sakafu yetu haikuinama vya kutosha, na maji yakatembea mpaka sebuleni. Ilibidi ivunjwe na kumwagwa upya, na simenti ya kwanza ikawa imepotea. Bafu lisilo na kizingiti hutegemea mwinamo wa sakafu peke yake. Kwa kila mita moja, sakafu ishuke kama sentimita 2 kuelekea kwenye tundu la maji.

Hasara ya pili ni utelezi. Kuondoa kizingiti hakuondoi sabuni. Fundi wengi hupenda kupiga niru ili sakafu ing'ae, au kuweka marumaru laini. Bafuni uzuri huo ni hatari. Mwambie aikwaruze simenti kwa ufagio kabla haijakauka, au ununue marumaru za chini zenye mikwaruzo.

Hasara ya tatu ni maji, na hapa sisi akina mama hatuna budi kupiga hesabu, maana wanaoyabeba ni sisi na binti zetu. Bomba la mvua lenye msukumo mzuri huweza kutoa lita 8 kwa dakika au zaidi. Mtu akioga dakika 5 ametumia lita 40, yaani ndoo mbili. Nyumba ya watu saba itatumia ndoo 14 kwa siku. Wakioga kwa kopo, ndoo moja kila mtu, ni ndoo 7. Tofauti hiyo ni ndoo 7, na kila ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Je, ni nani atakayebeba kilo 140 zaidi kila siku kichwani? Kama huna bomba nyumbani wala simtanki ya kukinga maji ya mvua, jenga sakafu sasa na bomba la mvua liache mpaka maji yafike.

Hasara ya nne ni umeme. Kifaa cha kupashia maji kinachofungwa kwenye bomba aghalabu hutumia wati 3,500 au zaidi, kiasi ambacho sola ndogo ya nyumbani haiwezi kutoa. Tena kikifungwa bila waya wa ardhini kinaweza kuua. Maji ya moto ya jikoni yaliyochanganywa kwenye ndoo hayana hatari hiyo.

HESHIMA YA NYUMBA

Kuna jambo moja ambalo fundi hatakuuliza. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana sana, wala hawawezi kupishana mlangoni mwa bafu. Baba yetu alilitazama bafu jipya, akalisifu, na hakuingia. Hatukumlazimisha. Tulilitengeneza bafu la uani: jiwe likatolewa, ikamwagwa sakafu ya kukwaruzwa, na nguzo ya kushikilia ikasimikwa. Kwa sababu hiyohiyo, usiuelekeze mlango wa bafu sebuleni, ambako wageni wameketi.

KABLA HUJAMLIPA FUNDI

Mwaga ndoo nzima ya maji sakafuni, usimame uangalie. Yakituama mahali popote, kazi bado.

Hakikisha bomba la kutolea maji lina kipande kilichopinda ambacho hubaki na maji ndani. Maji hayo huzuia harufu na wadudu kurudi bafuni.

Maji ya kuogea yasiingie katika shimo la choo, maana litajaa upesi. Yachimbie shimo lake lenye mawe, mbali na kisima, au yaelekeze kwenye migomba.

Funga chuma cha kushikilia ukutani, usawa wa kiuno. Kifungwe ndani ya zege, kwani mtu anayeteleza hukishika kwa uzito wake wote.

Mlango ufunguke kwa nje. Mzee akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, hamtaweza kumfikia.

Ndugu msomaji, kama fedha ni kidogo, usihuzunike. Anza na sakafu isiyoteleza na chuma cha kushikilia. Hivyo viwili vinawezekana hata katika bafu la mabua, navyo vina msaada mkubwa kuliko bomba linalong'aa.

Siku sakafu yetu ya pili ilipokauka, tulimpelekea mama ndoo ya maji ya moto, kopo na kiti, tukamwacha. Alikaa humo muda mrefu hata tukaingiwa na wasiwasi, tukabisha hodi. "Niacheni," akajibu kutoka ndani. "Bado naoga."