Pesa Mkononi, Deni Mkononi

M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, ilinadiwa kwa jambo moja tu: aliye mjini amtumie hela mzazi wake kijijini bila kumkabidhi dereva wa basi bahasha. Matokeo yake yalikwenda mbali zaidi. Wachumi Tavneet Suri na William Jack, waliozifuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa, waliona kwamba kaya zisizotumia huduma hiyo, zikipatwa na maradhi au mavuno mabaya, zilipunguza matumizi kwa asilimia 7, ilhali za watumiaji hazikuyumba. Walisaidiwa na visenti vya ndugu wengi walio mbali, vilivyofika siku hiyohiyo. Mwaka 2016 watafiti hao walikadiria kuwa kaya 194,000, yaani asilimia 2 ya kaya zote nchini, zimeinuliwa kutoka kwenye umaskini, na zilizonufaika zaidi ni zile zinazoongozwa na wanawake.

Madhara nayo yamekuja kwa njia hiyohiyo, nami nadhani hapa ndipo tunapojidanganya tukisema chombo hakina kosa, kosa ni la mtumiaji. Wepesi unaomwokoa mgonjwa ndio unaomfaa tapeli. Mtu anajiandaa kulipa kodi ya nyumba, mara unaingia ujumbe: "Ile hela itume kwenye namba hii." Anabonyeza namba ya siri, pesa imekwenda, na mpokeaji keshaitoa kwa wakala. Mikopo ni hivyo hivyo. M-Shwari, huduma ya mikopo kupitia M-Pesa, ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Inasikika ndogo, lakini anayekopa hivyo kila mwezi hulipa asilimia 90 kwa mwaka. Ada hiyo haikupangwa na mtumiaji.

Wapo watakaosema wakopeshaji wa riba walikuwepo tangu zamani, tena wakali zaidi. Ni kweli, na wengi walikimbilia simu kwa sababu benki hazikuwataka. Ila mkopeshaji wa mtaani ilibidi umfuate, umtazame usoni, umweleze shida yako. Mwendo huo ulimpa mtu nafasi ya kughairi. Simu imeiondoa nafasi hiyo: saa nane usiku, ukiwa kitandani, mkopo unaingia kabla hujawaza utaulipaje. Programu za mikopo zilizofuata zilizidi hapo, zikachukua orodha ya majina yaliyomo kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa, bosi wake na wakwe zake wakapigiwa simu. Hakuna mkopeshaji wa zamani aliyewahi kuwa na daftari la namna hiyo. Nalo halikuandikwa na mtumiaji. Liliwekwa na waliounda programu, na kwa hiyo lingeweza kukatazwa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya zilizopiga marufuku aibu hiyo zilitoka Machi 2022, wakati wengi walikwisha kudhalilishwa mbele ya jamaa zao kwa madeni ya shilingi mia chache.