Kukosoa Mchoro wa Anayeanza: Mfano wa Kalemie

Katika makala haya mafupi tunakusudia kueleza jinsi maoni yanavyotolewa na kupokewa juu ya michoro ya watu wanaoanza kujifunza, tukitazama hasa mazingira ya Kalemie, mji ulio ufukoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Huenda msomaji akauliza jambo hili linaihusuje taaluma ya Kiswahili. Linaihusu kwa sababu maoni hutolewa kwa maneno, na maneno tuliyo nayo yana misimamo ndani yake ambayo mwalimu wa kuchora hana budi kuijua kabla ya kufungua kinywa.

Tuanze na kitenzi kukosoa. Kinatokana na kosa, na umbo lake ni la kauli ya kutendua, kama chomoa kutokana na choma, au fungua kutokana na funga. Kwa asili yake, basi, kukosoa ni kulitengua kosa, wala si kulitangaza. Katika matumizi ya kila siku maana hiyo imefifia, na anayekosolewa hujiona ameshambuliwa. Kusahihisha nako kumekwisha kuzoeana mno na daftari la hesabu na wino mwekundu. Kimebaki kitenzi kuhakiki, ambacho wanafasihi wamekitwaa karibu kiwe chao peke yao. Asili yake ni ya Kiarabu, na kiini chake ni kutafuta ukweli wa jambo. Kwa maoni yetu hicho ndicho kinachomfaa zaidi anayejifunza kuchora.

Sababu yake ni kwamba kosa la mchoro halifanani na kosa la hesabu. Tuseme mwanafunzi amepewa zoezi la kuchora mtumbwi uliovutwa mchangani, naye ameketi ukimwelekea kwa ncha. Kinachoonekana mbele yake ni umbo fupi na pana kiasi. Anachokichora ni mtumbwi mrefu unaotazamwa ubavuni, kwa kuwa anajua kwamba mtumbwi ni mrefu. Mkono umetii ujuzi, haukulitii jicho. Ndivyo ilivyo pia kwa kikombe kilicho mezani: mdomo wake huchorwa duara kamili kwa sababu kila mtu anajua kuwa ni duara, na kitako hunyooshwa kama mstari kwa sababu kimekaa juu ya kitu bapa. Ukimwambia mtu huyo kwamba amekosea, hatajua ni wapi; tena, kwa kuwa ni kweli kabisa kwamba mtumbwi ni mrefu, ataona wewe ndiye uliyekosea. Lakini ukimwambia anyooshe mkono, ashike kalamu mbele ya jicho moja huku amefumba la pili, apime kwa kidole gumba upana wa kile anachokiona kisha aulinganishe na kimo chake, atapata jibu mwenyewe. Hapo hakuna aliyeshindwa na mwenziwe.

Ugumu mwingine ni wa adabu. Kalemie, kama Lubumbashi, watu husema "iko muzuri" pale ambapo mtu wa Dar es Salaam angesema "ni nzuri". Kauli hiyo mara nyingi ni heshima zaidi kuliko hukumu. Kijana hawezi kumwambia yaya wake, yaani ndugu aliyemtangulia kuzaliwa, kwamba mchoro wake umepinda. Atasema uko muzuri, na yaya ataondoka bila faida yoyote. Njia inayofaa ni swali. "Yaya, mwanga unatoka upande gani?" ni swali ambalo mdogo anaweza kumwuliza mkubwa bila kumvunjia heshima, na mara nyingi linatosha kumwonyesha mchoraji kwamba ameweka vivuli pande zote mbili.

Historia ya eneo hilo inatupa mfano wa njia iliyo kinyume. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya wachoraji, iliyojulikana kwa jina la Hangar, mjini Elisabethville, ambao ndio Lubumbashi ya leo. Hakutaka kuwafundisha kanuni za Ulaya. Kila mmoja aliachwa atafute njia yake. Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa vistari vifupi vifupi, na Pilipili Mulongoy akawa bingwa wa wanyama, samaki na mimea. Wapo wanaousifu ukimya wa mwalimu yule. Sisi tunaona kwamba haukuwa ukimya kamili: picha inayosifiwa na kupata mnunuzi imekwisha kutolewa maoni, hata kama hakuna aliyetamka neno. Tofauti ni kwamba maoni ya namna hiyo hayawezi kujibiwa.

Kwamba Kiswahili cha huko kinaweza kubeba mazungumzo marefu juu ya picha, hilo halina shaka. Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu alimweleza Johannes Fabian, kwa Kiswahili, picha zake zaidi ya mia moja za historia ya nchi, katika mkoa ulioitwa Shaba wakati huo, ambao Kalemie ilikuwa ndani yake. Mazungumzo hayo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1996. Aliyeuliza hakuwa akimfundisha kuchora, alitaka kuelewa. Na mchoraji alieleza, akabisha, akaongeza.

Anayepokea maoni naye ana kazi yake. Asianze kujitetea kabla mwenziwe hajamaliza, na asiulize "unaonaje?", maana jibu lake linajulikana. Aulize jambo moja: je, miguu ya kiti hiki inakaa sakafuni? Mwalimu kwa upande wake asiguse karatasi ya mwanafunzi. Akitaka kuonyesha, achore pembeni kwenye karatasi nyingine, au kwa kijiti mchangani, kwani ufukoni mchanga ni bure na karatasi hununuliwa. Mchoro wenye kosa usifutwe wala kutupwa. Uandikwe tarehe, uhifadhiwe, na baada ya miezi mitatu mtumbwi ule ule uchorwe tena, mchoraji akiwa ameketi pale pale.