Kutoka Tegeta hadi Udzungwa: Safari ya Kulifuata Bomba

Daftari langu la vipimo lina ukurasa mmoja usiohusu nguo. Juu kuna kifua na kiuno cha mteja wa gauni la kitenge. Chini yake nimeandika: lita 67, tairi la spea, jeki, viatu vya kukanyagia tope, makoti ya mvua, ndizi mbivu.

Mimi ni fundi cherehani, Tegeta. Wazo la safari hii lilianza Oktoba 2022, wakati wa mgao mkubwa wa maji. Kina cha mto Ruvu kilikuwa kimeshuka kwa ukame, na mabomba ya mtaani kwetu yalikuwa yakikohoa hewa tu. Mteja mmoja, mwenyeji wa Morogoro, alinikuta nimerudi na ndoo kichwani. Akacheka: "Fundi, hayo maji unayoyasubiri yanatoka kwetu, milimani Uluguru." Nilikuwa na miaka 40 na sikuwahi kujiuliza bomba langu linaanzia wapi. Nikaamua kwenda kuona.

Fedha ilichukua muda kupatikana. Tulitoka Juni mwaka jana, watu wanne ndani ya Noah ya mume wangu: yeye, mimi, kijana wetu wa kidato cha pili, na dada yangu wa Mbagala, ambaye nyumbani kwake wanatumia kisima chenye maji ya chumvi. Juni haikuchaguliwa kwa bahati. Masika ni Machi hadi Mei, na njia za msituni wakati huo huteleza kama sabuni. Kuanzia Juni hadi Oktoba ardhi inakauka na mawingu yanapungua, ingawa msituni koti la mvua halikosi kazi.

Siku ya kwanza hatukupita Kimara na Kibaha. Anayekaa Tegeta, Boko au Bunju ana njia yake: nenda Bagamoyo, shika lami ya Msata, kisha teremka Chalinze. Foleni ni ndogo, na kabla hata jua halijawa kali unauvuka mto Ruvu kwenye bonde pana la majani. Huo ndio mto wenyewe. Mitambo ya Ruvu Chini huyachota maji yake kuyaleta upande wetu wa barabara ya Bagamoyo, na ile ya Ruvu Juu huyachota Mlandizi kupeleka upande wa Kibaha na Kimara.

Baada ya Msata tairi likapasuka. Spea tulikuwa nayo, ila jeki ilikuwa imebaki gereji. Dereva mmoja wa lori alisimama akatuazima yake, akagoma kuchukua hata soda. Ndiyo maana neno "jeki" daftarini lina mistari miwili chini yake.

Kutoka Chalinze, Uluguru huanza kuonekana kama wingu jeusi lisilosogea. Vilele vyake vinapita mita 2,600. Hapa ndipo nilipoelewa alichosema mteja wangu. Upepo unaotupepea Kunduchi unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu. Unavuka pwani, unagonga milima, unapanda juu, unapoa, unaangusha mvua. Msitu unaipokea. Mvua ikianguka kwenye mteremko mtupu ni kama kumwaga maji juu ya nailoni: yanakimbia yote, tena na udongo. Penye msitu ni kama taulo zito: linanywa kwanza, halafu linadondosha polepole, wiki hadi wiki, hata kiangazi. Matone hayo ndiyo vijito, na vijito ndivyo Ruvu.

Tulilala Morogoro mjini. Asubuhi tulipanda kwa miguu na mwongozaji kuelekea Morningside, penye nyumba ya zamani ya Wajerumani, tukipishana na kina mama wa Kiluguru wanaoteremsha mboga kwenda sokoni. Wanashuka na mzigo kichwani upesi kuliko sisi tulivyopanda mikono mitupu.

Mlima wa bomba langu tulikuwa tumeshauona; uliobaki ulikuwa msitu wa Udzungwa. Saa saba mchana tukaondoka kuelekea Mikumi. Hifadhi hii ilianzishwa 1964, na barabara kuu inaikata kwa kilomita 50 hivi. Unapita na gari lako dogo, huku twiga, nyumbu na nyani wakikutazama kama wenye mali. Heshimu vibao vya mwendo, maana kumgonga mnyama kuna faini. Usiwarushie nyani chakula, na usipange kupita hapo usiku.

Mikumi mjini tukakata kushoto. Mashamba ya miwa ya Kilombero yakatupokea kwa harufu ya sukari, kisha Kidatu. Mume wangu, anayejifanya fundi umeme, akasimamisha gari na kutoa somo: maji ya Ruaha Mkuu yanazungusha mitambo ya Kidatu tangu 1975, megawati 204. Akaendelea: vijito vya Udzungwa upande huu vinaingia Kilombero, Kilombero inakutana na Luwegu na kuwa Rufiji, Ruaha nayo inaingia Rufiji mbele yake, na Rufiji ndiyo iliyozibwa na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Nikaitazama milima ile kwa jicho lingine. Cherehani yangu ni ya umeme.

Mang'ula ndipo lilipo lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, kilomita za mraba 1,990. Zamani kipande cha kutoka Kidatu kilikuwa vumbi na mashimo. Sasa ni lami. Lakini mlangoni gari linaishia. Ndani hakuna barabara za magari. Msitu huu huonwa kwa miguu. Raia ukiwa na kitambulisho cha taifa unalipa kiingilio kwa shilingi, bei ndogo sana kuliko ya mgeni, na malipo ni kwa namba ya serikali kupitia simu au benki. Usifike na noti mkononi ukadhani utaelewana nao.

Siku ya tatu ilikuwa ya maporomoko ya Sanje. Maji yanaanguka mita 170 kwa hatua tatu. Kupanda na kushuka kulituchukua takriban saa tano, pamoja na mapumziko ya dada. Njiani mwongozaji alituonyesha mbega wekundu juu ya miti, kisha akatunyamazisha tusikilize sauti nzito kutoka bondeni. Ng'olaga, akasema. Mwaka 1979 wanasayansi waliposikia sauti hiyo walishangaa kugundua nyani ambaye hakuwa kwenye vitabu vyao, nao wakamwita mangabey wa Sanje. Wenyeji walikuwa wameshampa jina lake zamani. Haishi pengine popote duniani ila milima hii ya Udzungwa.

Hali hiyo ina sababu. Udzungwa na Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare na Usambara. Kila mlima ni kama kisiwa chenye msitu wa kale, umezungukwa na nyanda kavu. Kiumbe wa kisiwa kimoja hawezi kuvuka kwenda kingine, basi kwa miaka mingi mno kila mlima umekuza wa kwake. Ukifyeka mmoja, huna pa kwenda kuchukua mbegu.

Chini ya maporomoko dada aliingiza mikono majini, akanawa uso, akaonja kidogo. Akanigeukia: "Mdogo wangu, mbona haya hayana chumvi?"

Siku ya nne tulirudi kwa njia ya Kibaha ili tuuvuke Ruvu mara ya pili. Njia nzima nilikuwa nahesabu magunia ya mkaa yanayouzwa kando ya barabara. Yalipopita 200 nikaacha, kwa sababu nyumbani nina gunia kama hayo la kuchemshia maharage. Sitajifanya mtakatifu: bado nalitumia, ila sasa chai na mboga ni kwa mtungi wa gesi.

Kuhusu fedha, hesabu ni rahisi. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 800; gari letu linakwenda 12 kwa lita, ndipo zikapatikana zile lita 67. Ongeza kumi za dharura. Chakula cha njiani pikeni wenyewe, gawaneni mafuta, laleni nyumba za wageni za kawaida. Asiye na gari apande treni ya umeme hadi Morogoro, kisha basi la Ifakara, linapita Mang'ula.

Wengi wetu tunadhani hifadhi ni mahali pa Wazungu wenye kofia pana. Misitu hii inakuletea maji ya kufulia na umeme wa kuchaji simu, nawe hujawahi kwenda kuisalimia. Anza kuweka akiba sasa. Masika yakiisha, kagua jeki, washa gari.