Udaktari au afisa wa kliniki: binti aombe yote mawili?

Binti wa dada yangu amepata B+, na babake hataki kusikia neno ila udaktari. Mimi nilimhadithia ya Machakos. Nilikwenda kumuuguza jamaa yetu huko. Aliyempokea usiku, akampima na kumwandikia dawa, alikuwa afisa wa kliniki. Sote tukimwita "daktari."

Lakini hizi ni kazi mbili. Daktari husoma digrii miaka 6, kisha mwaka wa mafunzo hospitalini, na husajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Afisa wa kliniki aweza kusoma diploma miaka 3, kwa mfano KMTC, yenye kampasi hapo hapo Machakos. Naye pia hupitia mafunzo hospitalini, na ana baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2017.

Ipo pia digrii ya tiba ya kliniki, kama ile ya Chuo Kikuu cha Egerton. Hiyo haimgeuzi mtu kuwa daktari. Akiutaka udaktari baadaye, itabidi aombe upya.

Basi ushauri wangu kwa wazazi: fomu ya KUCCPS ina machaguo kadhaa. Udaktari uwe wa kwanza, digrii ya kliniki ifuate. Nafasi za udaktari ni chache na wenye A wanazigombania. Ila la pili lisijazwe kwa kujifariji. Muulizeni binti kwanza: akiitwa huko, ataipenda kazi hiyo?

Shemeji bado amenuna. Binti ameshajibu: ataipenda.