Fahamu: Kufufua kambi ya wageni katika Hifadhi ya Upemba

Ni hifadhi gani?
Upemba, kusini mwa mji wa Mulongo, ilianzishwa mwaka 1939, enzi za Wabelgiji. Makao yake makuu ni Lusinga, juu ya uwanda wa Kibara. Ndiyo hifadhi yenye pundamilia wa mwisho katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwa nini hifadhi ilichakaa?
Vita, ujangili na uhaba wa fedha. Vikundi vya wanamgambo wa Mai-Mai viliwahi kushambulia vituo vyake. Tangu 2017, taasisi ya taifa ya hifadhi, ICCN, inaiendesha pamoja na shirika la Forgotten Parks.

Kambi ya kisasa huhitaji nini?
Si hoteli. Huhitaji maji safi, vyoo visivyochafua vijito, umeme wa jua, viwanja vya mahema vilivyoinuliwa ili maji ya mvua yasituame, na mahali maalumu pa kuotea moto, kwa kuwa nyasi za uwandani huwaka upesi wakati wa kiangazi. Kabla ya hayo yote, barabara inayopitika na walinzi wanaolipwa.

Wanavijiji jirani watapata nini?
Ajira za ujenzi, uongozaji wageni na soko la samaki wa Mto Lualaba. Wasiposhirikishwa, watauona mradi kama uzio mwingine tu.