Je, wajua? Kasri lililotawala Kombani sasa ni makumbusho

Je, wajua kwamba Kombani, pale njia ya Kwale inapoacha barabara ya Lunga Lunga, iliwahi kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar? Imo katika ule ukanda wa pwani wa maili 10 ambao Waingereza waliusimamia kwa kumlipa Sultani kodi tangu 1895, hadi ulipounganishwa na Kenya mwaka 1963.

Makao ya masultani waliomiliki ukanda huo yalikuwa Unguja, mbele ya bahari. Enzi za Sayyid Barghash bin Said (1870–1888) yalikuwepo majumba matatu: Beit al-Sahel, Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib. Yaliunganishwa kwa madaraja ya ghorofani, ili wanawake wa kasri wapite bila kuonekana na watu wa njiani.

Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilistahili jina lake. Katika nyumba za mawe za pwani yetu, sakafu ya juu hulala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba huwa vyembamba. Barghash alitumia nguzo za chuma, akapata kumbi kubwa na roshani pana pande zote. Baadaye likawa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, na likatiwa lifti.

Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zililipiga kasri kwa mizinga ili kumng'oa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani. Vita vilikwisha kabla ya saa moja kutimia. Beit al-Hukm liliangamia, na mahali pake pakawa bustani. Beit al-Sahel lilijengwa upya, likakaliwa na masultani hadi Mapinduzi ya Januari 1964, kisha likaitwa Kasri la Watu. Mwaka 1994 likawa makumbusho, yenye samani za masultani na chumba cha kumbukumbu ya Bibi Salme, binti wa Sayyid Said.

Beit al-Ajaib nalo lilifanywa makumbusho, lakini tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake ya mbele iliporomoka na kuua watu wawili.

Historia ya majumba haya ni yetu pia. Walimu wa Kwale, wafundisheni watoto habari zake. Na kila atakayejaaliwa kufika Unguja, asiondoke bila kulitazama Beit al-Sahel.