Tailizi za Nje Zinunuliwe kwa Maji

Dukani hakuna tailizi inayoteleza. Sakafu ni kavu, mnunuzi amevaa viatu vyake vya kutokea, na muuzaji anapitisha kitambaa kuonyesha inavyong'aa. Ibandike tailizi hiyohiyo kwenye baraza la nyumba ya Tanga au Kilifi, masika ilete mvua ya upepo, kisha atoke mtu na ndala zilizolika soli, ndoo mkononi. Hapo ndipo utajua ulichonunua.

Kinachoangusha ni utando wa maji unaobaki kati ya wayo na sakafu. Mguu unapotua, maji hayo hayana budi kusukumwa pembeni ili soli ipate kitu kigumu cha kushika. Kwenye uso laini hayaondoki upesi, na kwa muda huo mfupi unakuwa umekanyaga maji, si sakafu. Uso wenye mparuzo hupenya utando huo, na wala hauhitaji vinundu vikubwa. Kwa maji safi, mwongozo wa usalama kazini wa Uingereza huanza kuridhika mparuzo ukizidi mikroni 20, yaani sehemu 20 za elfu za milimita moja. Kiganja hukihisi kiasi hicho, kwa hiyo usione haya kuipapasa tailizi mbele ya muuzaji. Panapomwagika mafuta ya kupikia, mparuzo huo hautoshi.

Boksi zuri huandikwa herufi R na namba. Alama hiyo inatokana na kipimo cha Ujerumani: mtu aliyevaa buti, amefungwa mkanda wa usalama, hutembea mbele na nyuma juu ya sakafu iliyopakwa mafuta ya injini huku ikiinuliwa kidogo kidogo, mpaka aanze kuteleza. Aliyefika nyuzi 6 tu, sakafu yake imeshapata R9. Wengi hudhani R9 ni daraja la juu, kumbe ndilo la chini kabisa. Hakuna R8 wala R1. R10 huanzia nyuzi 10, R11 nyuzi 19, na ngazi inaishia R13. Kwa baraza linalopigwa na mvua mimi huomba R11. Kwa vipandio vya nje sishuki hapo hata mteja akinuna, maana anayeshuka huweka uzito wake wote ukingoni.

Lakini buti na mafuta havisemi lolote kuhusu miguu mitupu. Kwa pembezoni mwa bwawa la kuogelea, bafu la nje au mahali pa kutawadhia msikitini, tafuta kipimo cha pili, cha miguu mitupu na maji ya sabuni, chenye madaraja A, B na C. B ndiyo ya kuzunguka bwawa na ya bafuni. C ni ya ngazi zinazoingia majini. Boksi likiwa halina alama yoyote, omba kipande kimoja, kimwagie maji yenye tone la sabuni, ukikanyage pale pale kwa ndala huku umeshika kitu. Si maabara, ila kitakuonya.

Mabaki ya tailizi za sebuleni ndiyo chanzo cha mabaraza mengi mabaya. Yamebaki maboksi manne, fundi anashauri yasipotee, na mwenye nyumba anafurahi. Zege lililopigwa ufagio kabla halijakauka, mistari ikikata njia ya mtembeaji, ni rahisi zaidi na ni salama kuliko hayo. Mawe ya Mazeras au Galana yenye uso wa asili pia hufanya kazi vizuri, mradi yasisuguliwe yakang'aa.

Mbao zina hadithi yake. Watu hununua zilizochongwa mifereji wakiamini ndiyo inayozuia kuteleza. Mifereji isiyomwaga hutuamisha maji na tope, na baada ya msimu mmoja wa mvua inakuwa kitalu cha ukungu wa kijani. Mvule uliopigwa randa bila kung'arishwa, wenye nafasi ya milimita 5 hadi 8 kati ya ubao na ubao, hukauka upesi zaidi.

Chochote utakachochagua, kiinamie nje ya nyumba: sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Nimekuta tailizi nzuri za R11 zikiwa na dimbwi katikati kwa sababu fundi aliweka usawa wa sebule.

Wanaolalamika kwamba tailizi ya mparuzo hushika uchafu wana haki. Haisafishwi kwa dekio. Inataka brashi ngumu, na suuza ya kutosha, kwani sabuni iliyobaki hurudisha utelezi mvua ikinyesha. Utando wa kijani chini ya mwembe utoe kwa jiki iliyochanganywa na maji, na usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia vyoo: hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.